Fungu la Kumi

Viti vyake bado vina nailoni.
Nimeapa haitachanwa
mpaka niuze ndoo ya kwanza ya asali.

Fundi Lugusha wa Isevya hana habari na nailoni.
Amelala chali chini ya gari langu jipya,
naona raba zake tu, moja haina kamba,
na sauti inatoka uvunguni:
"Mama Nyamizi, hili halijui kama litakuwa na mkia."

Drili inalia. Chasi inatema chenga za chuma,
nami najishika kifua.
Mkopo wa miezi thelathini na sita,
na huyu anautoboa siku ya nne.

Boliti sita, spana namba kumi na tisa.
Anakaza ya juu kushoto, kisha ya chini kulia,
anavuka, anarudi,
halafu anazipitia zote upya
kama mama anayehesabu watoto baada ya kuvuka reli.

Nira, ndivyo anavyoiita,
ingawa hapa hakuna maksai:
pande la chuma, na juu yake tufe
linalong'aa kwa grisi.

Tela nililinunua Urambo
kwa mtu aliyeachana na tumbaku.
Bado linanuka majani makavu.
Tukalisukuma watu wanne, likaja kwa ukaidi,
likainamisha shingo.
Ko!
Mlio mmoja, mfupi,
wa mtu aliyekubali bila kupenda.

Kisha waya saba, rangi saba.
Kasubi, bintiye wa darasa la nne,
kasimama nyuma na kipande cha muwa.
"Breki!"
"Nyekundu!"
"Kushoto!"
Kimya. Muwa unatafunwa.
"Baba, inakonyeza kulia."
Lugusha akaitukana waya ya njano kwa Kinyamwezi,
akakumbuka nani anasikiliza,
akaomba radhi kwa waya.

Viroba kumi na viwili vya mchanga, kwa majaribio.
"Ukirundika nyuma, litakutingisha kiuno
njia nzima ya Sikonge mpaka likulaze mtaroni.
Ukirundika mbele, gari litachuchumaa,
taa zako zimulike popo.
Fungu la kumi la uzito likae juu ya nira.
Fungu la kumi, mama. Si zaidi sana, si pungufu."

Kanisani nadaiwa tangu masika.
Sikujua kwamba hata chuma hudai.

Tukalifungua tena. Nikaleta mizani yangu ya asali,
ile ya kuning'iniza, tukaitundika shingo ya tela.
Thelathini na nane. Kiroba kimoja mbele.
Hamsini. Kingine.
Hapo nikamsikia bibi,
alivyokuwa akitukemea tukijitwika maji ovyo:
"Mzigo haubebwi, unakalishwa!"
Alilipata kwa babaye, mpagazi,
aliyekwenda pwani kwa miguu akarudi,
hana picha, hana kaburi tunalolijua,
ila hilo neno, na bega moja
lililokuwa chini kuliko lenzake.
Sitini na moja.
"Inatosha," akasema Lugusha.
Nikabaki nimeishika ndoana ya mizani
kitambo, bila sababu.

Kurudi nyuma kulinitoa jasho.
Ukitaka tela liende kushoto, kata usukani kulia.
Nikakata kushoto.
Pipa la oili chafu likalala,
kuku wa jirani wakapata rangi mpya.
Mara ya tano likaingia, limepinda, lakini limeingia.

Jioni tulizunguka mjini kulizoesha.
Kasubi akadai kiti cha mbele, nani angemkatalia?
Breki ya kwanza, karibu na stesheni,
akateleza juu ya nailoni mpaka sakafuni,
muwa na yeye.

Nikaegesha pembeni. Nikaichana.
Nikaichana yote, na ya kwangu pia,
ikatoa sauti ndefu ya kitu ghali.

Akapanda tena, akabana magoti,
akakitazama kioo cha upande wake.
Kila kona, bila kuulizwa, alitangaza:
"Bado lipo.
Bado lipo, mama."